Hodi Nyuma ya Trela la Simiti

Ukiingia yadi ya malori jioni, hakuna anayejali jina lako. Soja wa langoni ana swali moja tu: "Unatoka saa ngapi?" Jibu lako ndilo linaloamua utalala wapi. Anayeondoka alfajiri na mboga za sokoni huwekwa karibu na lango, pua ikiangalia barabara. Anayeondoka jua likichomoza hukaa nyuma yake. Anayengoja mzigo mpaka keshokutwa husukumwa hadi ukutani. Malori hupangwa hivyo, ubavu kwa ubavu, pua kwa mkia, na ukidanganya saa yako utaamshwa na honi na matusi ya makabila yote ya Kenya.

Mara ya kwanza kuulizwa swali hilo, katika yadi moja ya Ruiru karibu na baipasi, nilijibu, "Sijui."

Soja alikuwa mzee mrefu mwenye koti la mvua ambalo hulivaa hata jua likiwaka. Aliniangalia kama mtu aliyekuja hospitali bila ugonjwa.

"Hujui aje? Kwani umebeba nini?"

"Nyumba."

Alizunguka gari langu polepole. Akachungulia dirishani, akaona kitanda, meko ya gesi, pazia la maua, na sufuria zilizotundikwa kwenye misumari. Akarudi mbele.

"Sasa hiyo nyumba unaipeleka wapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliniweka kando ya choo, kwa sababu mtu asiyejua saa yake hana mahali pake kwenye ule mpango.

Gari lenyewe lilikuwa la mkate. Kwa miaka mingi lilisambaza mkate Thika yote, kuanzia Makongeni mpaka ng'ambo ya mto, hadi mwenye kiwanda alipozeeka akafunga. Nililinunua likiwa na rafu zake za mbao, nikazing'oa, nikazitengenezea kitanda na kabati. Jua likipiga bodi, harufu ya mkate bado hutoka kwenye kuta. Ndiyo maana huwa naamka na njaa kila siku, na ndiyo maana mbwa wa kila yadi hunipenda.

Shule niliiacha kidato cha pili. Watu hudhani ni karo, lakini karo ilikuwapo. Shida ilikuwa kukaa ndani ya ua wa shule. Darasa letu lilitazama barabara, na malori yalipita siku nzima yakiwa yamefunikwa, nami nilikuwa siwezi kusikia neno la mwalimu kabla sijajua ndani ya lile turubai kuna nini. Siku moja nikatoka kwenda kuuliza. Baada ya hapo nimechuma mananasi, nimechonga mawe machimboni, nimefanya kazi kwenye kiwanda cha ngozi ambako nilijifunza kushona kitu chochote kinene kuliko kidole. Ushonaji huo ndio unaonilisha sasa. Nashona maturubai ya malori. Turubai likipasuka haliwezi kungoja, maana mvua ina akili ya kutafuta tundu lililo juu ya sukari. Kwa hiyo nalala pale malori yanapolala, nikiamka kazi imeshafika mlangoni.

Na jioni za yadi, jamani! Moshi wa dizeli ukitulia, harufu ya vitunguu hupanda kutoka kibanda cha mama anayepikia madereva. Redio tano huimba nyimbo tano. Mtu ananyoa ndevu kwa kioo cha pembeni cha lori, mwingine anafua shati kwenye ndoo, mwingine anazozana na mkewe kwa simu huku amewasha spika, na sisi wote tunamsaidia kujibu. Nami napita na kikombe changu nikiuliza, "Umebeba nini?" Nimekutana na mtu aliyebeba mizinga ya nyuki, ameendesha kutoka Kitui akiwa amefunga vioo vyote na joto lile. Nimekutana na aliyebeba kioo kimoja tu, kikubwa kama ukuta, akakisindikiza kama bibi harusi. Kuna aliyebeba madawati ya shule. Aliniteremshia moja nikaketi nikala githeri yangu, na nadhani ndiyo mara niliyokaa kwenye dawati kwa muda mrefu zaidi bila kuangalia nje.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakuona uzuri wa maisha haya, naye ni mama yangu.

Mimi ni mtoto wake wa pili wa kiume, kwa hiyo nina jina la baba yake, kama desturi yetu ilivyo. Huniita baba. Hilo limeniokoa na mengi, kwa sababu hata akikasirika hawezi kunitukana vizuri. Huishia kusema, "Baba, unanitesa," kisha ananyamaza, asije akamkosea mzee wake kaburini.

Anaishi Landless, Thika, kwenye nyumba ya mawe aliyoijenga kidogo kidogo kwa kuuza maharagwe. Nilikuwa nikipeleka gari langu mpaka langoni kwake nikapiga honi. Alitoka na kikombe cha chai, akanipitishia dirishani kama mtu anayemlisha askari wa trafiki, akasimama hapo nje mpaka ninywe. Ndani hakuingia hata siku moja. Nilimfungulia mlango, nikamtandikia shuka safi, nikamwambia aketi tu kidogo.

"Nyumba haitembelei watu, baba," alisema. "Watu ndio hutembelea nyumba."

Kwetu mtu akihamia nyumba, jamaa zake wanakuja kumwingiza. Wanaleta unga, sukari, majani ya chai, na mzigo wa kuni, hata kama mwenye nyumba anapikia stima. Wanabisha hodi, wanakaribishwa, chai inapikwa kwa vitu walivyoleta, maombi yanafanywa, basi. Kabla ya hapo una stoo tu unamolala. Mama alikuwa amewaingiza ndugu zangu wote. Mimi hakuwahi, kwa sababu kila chumba nilichokodi nilikuwa nimekihama kabla hajapanga siku. Na sasa nilikuwa nimefika umri wa kuota mvi, mtoto pekee ambaye mama yake hajawahi kumbishia hodi.

Nilikuwa najifanya sijali. Lakini siku moja pale langoni, chai ikiwa mkononi, nilijikuta nauliza, "Mama, nikiwa na nyumba utaniletea kuni?"

Aliangalia magurudumu, akaangalia bomba dogo la moshi nililotoboa kwenye paa.

"Uniambie iko wapi," akasema. "Uniambie mapema, nijipange na mamako mdogo. Na isiwe imehama. Nikija nikose nyumba, baba, usiniulize tena."

Ndivyo nilivyojikuta, mtu asiyejua saa yake, natafuta mahali pa kukaa kwa siku moja kamili. Nilichagua ile yadi ya Ruiru. Mama angetoka Thika, na mamangu mdogo, ambaye sisi humwita tata, angetoka Kahawa Sukari kwa mwanawe aliyejenga vyumba vya wanafunzi. Ruiru ni katikati. Nikawaambia Jumapili, baada ya kanisa, waulize soja mwenye koti la mvua.

Jumamosi jioni niliingia yadi kwa fahari. Soja alikuwa amenizoea sasa.

"Unatoka saa ngapi?"

"Sitoki! Kesho nina wageni. Mama yangu anakuja kuniingiza nyumba."

"Wacha!" Alinipa mkono. "Leo umejua saa yako."

Alifurahi mpaka akasahau kufikiri, na mimi vilevile. Yeye alifuata kanuni ya yadi: asiyetoka, ukutani kabisa. Nikaingiza pua mpaka kwenye ukuta, nikazima, nikalala usingizi wa mtu mwenye anwani. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba Jumapili malori mengi hayatoki.

Asubuhi nilikwenda sokoni kununua viazi, nyama na dania. Niliporudi, yadi ilikuwa imejaa kama kibiriti kipya. Ubavuni mwa gari langu, upande ule ule wa mlango, lilikuwa limesimama trela la simiti, karibu sana hata kuku angepita kwa kujikunja. Upande wa pili kulikuwa na ukuta wa choo. Nyuma ya trela kulikuwa na lori la chumvi, na nyuma ya gari langu lori la mabati. Kitu pekee cha nyumba yangu kilichoonekana ni bomba la moshi.

Nikaweka viazi chini.

"Soja!"

Alikuja, akaangalia, akavua kofia. "Aaii," alisema. "Nimemfungia mama mlango."

Dereva wa chumvi alikuwa palepale, mtu wa pwani, mnene na mpole, ameketi kwenye mkeka akimenya chungwa bila kukata ganda. Wa mabati alikuwa kibandani anakula matumbo. Wote wawili walikuwa tayari kusogea. Lakini trela lenyewe halikuwa na mtu.

"Ameenda kanisa," soja akasema. "Na funguo anayo. Ni ile kanisa ya mabati ya bluu."

Nilitoka mbio. Sijui kama umewahi kutafuta kanisa la mabati ya bluu Ruiru siku ya Jumapili. La kwanza halikuwa na mtu aliyejua simiti. La pili lilikuwa limejaa mpaka mlangoni, wanaimba, na pale mbele kabisa nilimwona mtu mwenye shati jeupe lililotuna mgongoni kwa misuli ya kuendesha trela. Nikabana nyuma, nikimpungia mkono. Akadhani nimeguswa na wimbo, akanipungia pia.

Wimbo ukaisha. Pasta akasema, "Tuna wageni? Wageni wasimame watusalimie."

Watu wote waligeuka kuniangalia. Mama mmoja akanisukuma kwa kiwiko, kwa upendo.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amen!"

"Mimi nimekuja... mimi namtafuta mwenye trela la simiti. Limefunga mlango wa nyumba yangu, na mama yangu yuko njiani anakuja kuniingiza."

Kanisa lilicheka mpaka mtoto mmoja akaanza kulia. Pasta alijaribu kukaza uso, akashindwa.

"Ndugu wa simiti uko wapi? Nenda ukamfungulie mwenzako. Kuna milango mingine tunaiombea miaka, huu wako unafunguliwa na ufunguo wa trela." Akainua mkono. "Bwana awatangulie, na awape rivasi njema."

"Amen!"

Tulirudi tukikimbia, yeye na Biblia yake kwapani, akiniomba msamaha kila baada ya hatua chache. "Ningejua ni mama! Mimi nilidhani ni gari ya mkate tu, nikasema mkate hauna haraka Jumapili."

Lakini tulichelewa. Langoni walikuwa wamesimama akina mama wawili waliovaa vizuri. Mama yangu alikuwa na kapu, na mgongoni, kwa kamba iliyopita kichwani kama zamani, mzigo wa kuni. Alikuwa amekuja nazo kutoka Thika. Tata alikuwa amebeba unga na chupa ya chai, na macho yake yalikuwa tayari yanacheka.

"Tumefika," tata akasema. "Nyumba iko wapi?"

Nikaonyesha. "Pale. Mnaona bomba?"

"Naona trela."

"Nyuma ya trela."

"Kai! Dada, kijana wako amejenga nyuma ya trela." Akamgeukia soja. "Na mtu akitaka kuingia anapitia wapi, juu kama paka?"

Mama aliangalia bomba, akaniangalia mimi. Kuni bado zilikuwa mgongoni, na nilijua kwamba zikibaki hapo, akigeuka nazo, zitarudi Landless na sitaziona tena maishani.

"Mama, nipe dakika kidogo," nikasema. "Usizitue hapa, utazitua ndani. Subiri tu."

Hapo ndipo yule wa chumvi alipoinuka kutoka mkekani, akajifuta mikono, akainama mbele yake.

"Shikamoo, mama."

Mama alishtuka. Huku kwetu tunasalimiana kwa "habari" na "sasa", basi. Lakini alijinyoosha, kuni na yote.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, kama mtu aliyepewa zawadi kanisani.

"Usihangaike. Nyumba ipo, nimeiona jana, nzuri. Sisi ndio tumeiziba. Sasa hivi tunaizibua."

Kuzibua kwenyewe kulikuwa karamu. Ili trela litoke, chumvi na mabati ilibidi yatoke kwanza. Ili hayo yatoke, malori ya mbele yalitakiwa yajibane. Ili yajibane, ilibidi kuwaita waliolala, waliokuwa wakifua, na mmoja aliyekuwa akipakwa rangi ya nywele kibandani, akaja na taulo shingoni. Kila mtu aliuliza kuna nini, na kila mtu aliambiwa, "Ni mama wa fundi wa turubai, anamwingiza nyumba," na kila mtu akasema, "Aah," akapanda lori lake. Wengi wao wana mama. Na karibu wote, nilikuja kufikiri baadaye, hulala ndani ya malori siku nyingi kuliko wanavyolala kwao.

"Kuja! Kuja, kuja, kuja! Kata kulia! Kata yote!" Soja alikuwa akirudi kinyumenyume, koti likipepea. "Nyoosha! Kuja na hiyo! Shika hapo!"

"Wewe wa mabati, unaangalia nini? Kata!"

"Nimekata mpaka mwisho, unataka nikate mti?"

"Kata hata huo!"

Tata naye alikuwa ameweka unga chini, akawa anaelekeza kwa mikono miwili. "Rudi! Rudi! Wewe, utagonga choo! Ngai, hawa waliwapa leseni nani?" Madereva walimtii kuliko soja.

Trela la simiti lilitoka mwisho, polepole, likiguna. Na walipoyapanga malori upya hawakuyarudisha kwa safu. Waliweka la chumvi upande mmoja, la mabati upande wa pili, na trela likafunga mbele, likaacha mwanya wa kupita mtu tu. Katikati kukawa na uwanja mdogo wa changarawe, na mwisho wa uwanja gari langu, mlango wake wa kusukuma ukiangalia jua. Mama wa kibanda akafagia. Mtu akatandika mkeka.

Mama yangu aliangalia pande zote tatu.

"Sasa ni boma," akasema.

Nilikimbilia mlango, nikausukuma wazi wote, nikasimama pembeni. "Karibu, mama. Ingia."

Hakusogea.

"Baba, nitabisha hodi kwa nani, na wewe umesimama hapa nje na mimi? Ingia ndani. Ufunge mlango."

Niliingia. Nikafunga. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya mkate. Nilisikia madereva wakinyamazishana huko nje, kisha mtu akazima redio. Nikaketi kitandani, nikasimama, nikaketi tena. Nikaona sufuria moja imekaa upande nikainyoosha. Hatua zake zikaja kwenye changarawe, nzito kwa sababu ya mzigo. Zikasimama. Kisha vifundo vya vidole vyake vikagonga bodi, taratibu, pale pale lilipokuwa zamani jina la kiwanda.

"Hodi," mama akasema. "Hodi hapa."

Nikainyoosha sufuria ile tena. Nje nikasikia tata akinong'ona, "Ama hayuko?" na watu wakacheka.

"Karibu!" nilisema, kwa nguvu kupita kiasi. "Karibu ndani!"

Aliingia kwa kuinama, kwa sababu ya kuni. Nikamtua mzigo. Akaketi kwenye kitanda changu, akakibonyeza kwa viganja, akavuta pumzi.

"Kwani nani amepika mkate?"

"Hakuna, mama. Ni nyumba yenyewe."

Akavuta tena. Akaanza kuniambia jinsi yeye na baba yake, yule niliyeitwa jina lake, walivyokuwa wakilala kwenye foleni ya kiwanda cha kahawa wakati wa mavuno, juu ya mkokoteni, wamejifunika gunia, majirani wote wamepanga mikokoteni yao ubavu kwa ubavu. Yeye alikuwa mdogo. Alisema baba yake aliipenda foleni ile kuliko nyumbani, alikuwa akienda siku moja mapema ili tu azungumze na watu. Hakuwahi kuniambia hayo. Nilimuuliza walikuwa wanakula nini, mkokoteni ulivutwa na nani, mvua ikinyesha walifanyaje, na akajibu yote mpaka tata akapiga kelele kutoka nje kwamba chai haijipiki.

Chai ilipikwa kwa kuni, nje kwenye mawe matatu, kwa sababu mama alikataa hata kuiangalia gesi. Yadi nzima ilikunywa. Viazi na nyama havikutosha, mama wa kibanda akaongeza chapati, wa simiti akafunga kwa maombi marefu yaliyotaja kila gurudumu. Jioni nilipowasindikiza barabarani, soja alinikuta langoni nikirudi.

"Haya," akasema. "Unatoka saa ngapi?"

"Kesho nikiamka."

"Hiyo si saa."

"Andika tu saa moja."

Kuni zilizobaki ziko chini ya kitanda. Hugongana nikipita kwenye matuta, na huwa nazisikia kuanzia Ruiru mpaka Thika. Mama naye bado hunipigia simu kila jioni, kama alivyofanya miaka yote. Zamani aliuliza, "Uko wapi?" kwa sauti ya mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Sasa huuliza, "Nyumba iko wapi leo?" Nikimwambia, hupiga hesabu ya njia, kisha huniuliza majirani wamebeba nini.